ORODHA YA KOMPYUTA ZINAZOAMINIWA: KAZI YA PROGRAMU NA DHAMANA YA MTU

(Matini ya mazungumzo kwa watendaji wa mitandao ya kompyuta katika ofisi za umma)



Ofisi iliyounganishwa na intaneti hulindwa na ukuta wa moto, yaani fayawoli, unaokagua kila kinachoingia na kutoka. Panapokuwa na fayawoli nyingi, huwekwa mtambo mmoja wa kuzisimamia zote. Mwenye kuuingia mtambo huo aweza kufungua mlango wowote na kufunga mwengine. Kwa sababu hiyo, mbali na jina na neno la siri, mtambo huwekewa orodha ya kompyuta zinazoaminiwa. Anayetoka kwenye anwani isiyomo hukataliwa, hata akiwa na neno la siri lililo sahihi.

Umuhimu wa orodha hiyo si wa kubuni. Mwezi wa Novemba 2024, kampuni ya Palo Alto Networks ya Marekani ilitangaza kasoro iliyopewa namba CVE-2024-0012. Mtu asiye na neno la siri, ilimradi aufikie ukurasa wa usimamizi wa fayawoli, aliweza kujitwalia madaraka ya msimamizi. Kampuni ilieleza kwamba hatari hupungua sana pale ukurasa huo unapofunguliwa kwa anwani za ndani zinazoaminiwa tu. Orodha fupi, basi, ilikuwa kinga kabla dawa haijapatikana.

Orodha ikiandikwa kwa mkono, kasoro tatu hujitokeza. Ya kwanza, mtumishi huhama na anwani yake ikabaki. Ya pili, mtambo mmoja hurekebishwa na wa pili ukasahauliwa. Ya tatu, na ndiyo mbaya zaidi, mtu aliyechoka huruhusu anwani yoyote, au hufungua fungu zima la anwani 256 kwa ajili ya kompyuta moja. Katika fayawoli za FortiGate, kwa mfano, kila akaunti ya msimamizi yaweza kuwekewa hadi anwani au mafungu 10 yanayoaminiwa. Lakini akaunti isiyowekewa hata moja hukubaliwa kutoka popote.

Mitambo mingi ya sasa hupokea maagizo kutoka programu nyengine. Kampuni ya Check Point ilifungua njia hiyo katika toleo lake la R80 la mwaka 2016, na wigo wake umekuwa ukipanuka. Yafaa basi kazi ya kuandika na kufuta iachiwe programu, kwa utaratibu ufuatao:

1. Liwepo daftari moja tu, lenye anwani, jina la mwenye dhamana, sababu ya ruhusa na tarehe ya kwisha kwake. Programu ilisome, ililinganishe na yaliyomo katika kila mtambo, iongeze kilichopungua na kufuta kilichozidi.

2. Kabla ya kubadilisha chochote, programu ioneshe tofauti ilizozikuta, na mtu wa pili aziidhinishe.

3. Kompyuta zilizomo ziwe na anwani zisizobadilika. Anwani inayogawiwa upya leo kwa huyu na kesho kwa yule haimtambulishi mtu.

4. Programu ipewe akaunti yake, yenye madaraka ya kazi hiyo tu, na neno lake la siri lisiandikwe ndani ya maagizo yenyewe. Mwenye kuishika programu ameishika orodha.

Hata hivyo, ieleweke kwamba programu haina busara. Kosa la mkono hudhuru mtambo mmoja. Kosa la programu huenea katika mitambo yote kwa dakika moja. Daftari likifika tupu kwa hitilafu ya diski, programu itatii na kuwafuta wote, wasimamizi wabaki nje ya mlango wao wenyewe. Hapana budi iwekewe mpaka: ikiombwa kufuta zaidi ya idadi iliyopangwa, isimame na kuita mtu. Anwani ya kompyuta inayoiendesha, pamoja na moja ya akiba, zisifutike kwa njia hiyo. Na waya wa konsoli, unaoingia mtamboni bila kupitia mtandao, uwepo na ujaribiwe kabla ya siku ya haja.

Aidha, orodha haichukui nafasi ya neno la siri wala uthibitisho wa pili wa utambulisho. Mwizi aliyekwisha kuiteka kompyuta iliyomo katika orodha huingia kama mwenyeji.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Programu yaweza kulitunza daftari usiku na mchana bila ya kuchoka. Lakini kuamua nani aaminiwe, na lini uaminifu huo ukome, ni dhamana ya mtu mwenye jina na saini. Kila mkuu wa kitengo anashauriwa kuisoma orodha yake anwani kwa anwani. Isiyo na mwenyewe na ifutwe.