Anayedhulumiwa Nyumbani Asaidiwe Namna Gani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Mtwara na vijiji vya mwambao wa Ruvuma)



Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kijiji cha mwambao alitujia baada ya sala ya Alfajiri, jicho limevimba na mtoto mgongoni. Tulimsikiliza, tukamwomba asubiri kwa ajili ya watoto, kisha tukamsindikiza kwa mumewe. Kabla ya mwezi mwingine kuandama alikuwa amevunjwa mkono. Tunakiri leo kwamba siku ile hatukumsaidia. Tulimrudisha kwa mdhalimu wake kwa jina la subira.

Subira ni fadhila kubwa, lakini si ruhusa ya dhuluma. Sura Al-Mujadila yaanza na habari ya mwanamke aliyemshtaki mumewe mbele ya Mtume s.a.w., na Mwenyezi Mungu akayasikia mashtaka yake. Bibi Aisha r.a. naye ameeleza kwamba Mtume s.a.w. hakumpiga kamwe mwanamke wala mtumishi. Basi nani kati yetu atasema kwamba kushtaki kipigo ni kufichua siri ya nyumba?

Sheria ya nchi nayo iko wazi. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 chakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mke aendaye polisi haombi hisani. Anadai haki yake.

Tufanye nini basi? Kwanza, usalama. Apate pa kulala usiku ule ule, kwa ndugu au kwa jirani mwaminifu. Kwa mila za Wamakonde mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake. Na alitumie kuwalinda, si kuharakisha suluhu.

Pili, matibabu. Majeruhi apelekwe zahanati au hospitali, na polisi hutoa fomu ya PF3 ili majeraha yaandikwe. Aliyebakwa asioge wala asifue nguo zake kabla ya kupimwa, naye afike upesi, kwani dawa za kukinga virusi vya UKIMWI zapasa kuanzwa ndani ya saa 72.

Tatu, taarifa. Wapo mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa ajili ya mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo.

Lakini kutoka Msimbati au Mahurunga hadi Mtwara mjini ni mbali, hasa wakati wa mvua, na mara nyingi fedha za korosho zimo mkononi mwa mume. Kwa hiyo nauli, mtu wa kumsindikiza na chakula cha watoto wake ni sadaka iliyo juu yetu. Ama usuluhishi wa wazee wa pande mbili, ambao Kurani Tukufu imeufundisha, wakati wake ni baada ya kipigo kukoma, naye mwenyewe akiridhia.

Mama yule alipotujia mara ya pili, mkono umefungwa, hakuuliza tena kama asubiri. Aliuliza kama yupo wa kwenda naye polisi. Tulikwenda.

Mwenyezi Mungu atusamehe kwa ile mara ya kwanza. Amin.