Juu ya nini foto moja inabaki, na maelfu zinapotea?



Leo tuzungumze juu ya foto. Kila siku ku telefone zetu zinapita foto za vita, za wakimbizi, za maiti. Asubuhi tunalia, mangaribi tumeshasahau. Lakini kuko foto zingine ambazo hata kijana aliyezaliwa juzi anazijua. Tofauti inatokea wapi? Haiko wingi wa damu. Tuchukue foto tatu za inchi yetu.

Ya kwanza ni ya 1904, kule Baringa. Baba mmoja, Nsala wa kijiji cha Wala, ameketi. Mbele yake kuko mkono na mguu mdogo: ni vyote vilivyobaki vya mtoto wake Boali, wa miaka 5, aliyeuawa na walinzi wa ABIR, kampuni ya mpira. Aliyepiga foto ni Alice Seeley Harris, misionere Mwingereza. Muangalie vizuri: hakuna bunduki, muuaji haonekani. Kuko baba anatazama. Kila mzazi wa dunia anaelewa bila mkalimani. Na tuko na jina la baba, la mtoto, la kijiji. Foto yenye majina, kuikana ni nguvu.

Lakini haikutembea yenyewe. Harris na bwana yake waliizungusha Uingereza na Marekani, mu makanisa na mu mikutano, wakiionyesha kwa taa ku kitambaa cheupe. Ikaungana na ripoti ya Roger Casement na kazi ya Edmund Morel. Mwaka 1908 Leopold wa 2 akalazimika kuachilia Kongo kwa serikali ya Ubelgiji. Ukoloni haukuisha pale, lakini Kongo haikukuwa tena mali ya mtu mmoja.

Ya pili: Léopoldville, tarehe 29 Juni 1960, kesho yake ni uhuru. Mfalme Baudouin amesimama mu gari ya wazi, nguo nyeupe, anasalimia watu. Mara kijana mmoja, Ambroise Boimbo, anamunyanganya upanga na kukimbia nao. Mjerumani Robert Lebeck njo alipiga ile foto. Polisi walimukamata Boimbo, upanga ukarudishwa. Kwa saa, ilikuwa kitu cha dakika chache tu. Lakini foto ilisema mbele ya hotuba zote: nguvu inahama mikono. Mwenye kuiona haulizi maelezo mengi.

Ya tatu mliiona wenyewe. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya CAN juu ya Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa, Léopards walifunika mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine vikawekwa ku kichwa sawa bunduki. Maana yake: Mashariki wanatuua, na dunia inanyamaza. Walipoteza mechi 1-0, lakini ile alama haikupotea. Hapakuwa hata tone la damu. Na kila mtu aliweza kuirudilia: mwanafunzi, mama wa soko, mwanamuziki.

Tunasoma nini hapo? Foto inayobaki inaeleweka kwa mara moja. Inabeba mutu, haibebi nyama. Inaacha swali ambalo mwenye kuiona hawezi kukimbia. Na zaidi ya yote, inahitaji watu wa kuibeba. Bila wale waliozunguka na taa yao, Nsala angesahauliwa mu sanduku.

Basi sisi wenye telefone ku mkono, tufanye nini?

Kwanza, tuache kutupa maiti mu magrupe ya WhatsApp. Ule aliyelala pale iko na mama, na pengine mama atapata habari ku foto yako. Na macho yaliyoona maiti mia hayashtuki tena ku ya mia na moja. Adui wetu anapenda tuzoee.

Pili, tuandike siku, mahali, na nani alipiga. Foto ya inchi ingine, ao ya miaka kumi iliyopita, ikitumwa sawa ya jana, inatuharibia. Wakigundua uongo mmoja, watakataa kweli kumi.

Tatu, jina ni heshima, lakini linaweza pia kuua. Nsala alikuja mwenyewe kuonyesha ubaya aliofanyiwa. Leo shahidi anaweza kurudia usiku mu kartie ambamo muuaji anatembea. Tumuulize mbele. Akikataa, tufiche sura yake, tuchunge foto ya asili mahali salama. Siku ya haki itahitajika.

Inne, tusipige tu foto za kilio. Mama anayefungua meza yake kisha usiku wa masasi, wanafunzi wanaorudia darasani, wanainchi wanaozibua mtaro: hiyo pia ni Kongo. Tukionyesha paka machozi, watatuhurumia, hawatatuheshimu.

Makamarade, kwa miaka mingi wengine njo walitupiga foto, na wao njo walichagua ipi itoke. Leo kifaa kiko mu mfuko wetu. Mbele ya kubonyeza "tuma", tujiulize: kama ingekuwa dada yangu, ningeituma hivi?