OILI IKIPANDA, USIFURAHI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Sote tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari za wanawali watano waliopungukiwa na mafuta katika taa zao. Leo tumeombwa kusema juu ya jambo lililo kinyume cha hilo, yaani mafuta yanayozidi. Dereva akitazama kijiti cha kupimia oili akaiona imepungua, hushtuka na kuongeza. Lakini akiiona imepanda, hufurahi na kusema, "Injini yangu haili oili." Ndugu, hapo ndipo penye hatari. Injini haizai oili. Kama imepanda na hakuna mtu aliyeongeza, basi kuna kitu kimeingia: ama maji, ama petroli, ama dizeli.

Tutawaeleza kwa nini twasema haya. Zamani tulikuwa katika karakana moja ambayo hatutaitaja. Palikuwa na lori la petroli lililochukua vibarua wa njia ya reli. Oili yake ilipanda siku nyingi na hakuna aliyeandika. Siku moja, likipanda mlima na mzigo, beringi za krankishafti zikaungua, injini ikagonga na kusimama. Dereva akaambiwa kwamba hakutia oili, na kwamba atakatwa mshahara.

Sisi mafundi tulipofungua sampu tulitoa oili nyingi kupita kiasi chake, nyepesi, inanuka petroli. Tukafungua pampu ya petroli, tukakuta ngozi yake ya ndani imepasuka. Petroli ilikuwa ikishuka ndani ya injini siku zote. Lakini tulikuwa tumeharakishwa. Oili tuliimwaga katika pipa la oili chafu, na ile ngozi tukaitupa, tukatia mpya. Tulipoulizwa ushahidi uko wapi, hatukuwa na kitu ila maneno. Mwenzetu akalipa. Kosa hilo lilikuwa letu pia.

Basi, ndugu, sikilizeni namna ya kuutambua ugonjwa huu mapema.

Kwanza, pima sawasawa. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Futa kijiti, kitumbukize tena, ndipo usome. Siku moja haitoshi. Linganisha siku kwa siku.

Pili, nusa kijiti. Petroli hunuka upesi. Dizeli hujificha zaidi, kwa hiyo linganisha na oili mpya. Usiangalie weusi peke yake, kwa maana oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi upesi kwa masizi hata kama injini ni nzima.

Tatu, tenga maji na petroli. Oili iliyoingia maji mengi hugeuka rangi kama chai ya maziwa, na chini ya kifuniko cha kutilia oili huonekana utando mweupe. Iliyoingia petroli haigeuki hivyo, bali huwa nyepesi. Weka tone lake na tone la oili mpya ya namna ile ile juu ya bati lililoinama. Likikimbia mbali kuliko lile jipya, tia shaka.

Nne, tumia karatasi ya kukaushia wino. Tia tone moja la oili hiyo, na kando yake tone kutoka gari zima la namna hiyo hiyo. Acha karatasi ilale saa kadhaa bila tone kugusa kitu chini. Petroli au dizeli hutangulia mbele ya uchafu na kufanya duara pana, jeupe-jeupe, upande wa nje. Karatasi hii haitakupa hesabu kamili, lakini itakuambia kama ni lazima kutafuta zaidi.

Tano, tazama saa ya presha ya oili injini ikiwa moto. Ikishuka kuliko desturi yake, huenda oili imepoteza nguvu ya kutenga chuma na chuma.

Sasa, sababu ni nini? Gari linaloendeshwa safari fupi fupi, injini ikiwa baridi na choki imevutwa, huacha petroli isiyoungua ishuke kando ya pistoni. Hata gari mpya zinazopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina tabia hii. Liendeshe safari ndefu, upime tena. Petroli nyingi huondoka kwa joto. Ikizidi kupanda, tafuta plagi isiyowaka, kabureta inayofurika, au pampu iliyopasuka kama ile ya lori letu. Kwa injini ya dizeli, tafuta nozeli inayodondosha au bomba linalovuja chini ya kifuniko cha juu. Dizeli haiondoki upesi kwa joto kama petroli.

Usimwage oili na kutia mpya kabla ya kutengeneza sababu. Hiyo ni kutupa fedha, na baada ya siku chache ugonjwa utarudi. Tena, usilete moto wala sigara karibu na sampu hiyo. Oili safi haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto kama digrii 200, lakini mvuke wa petroli huwaka hata penye baridi. Usiiwashe injini hiyo. Ivutwe mpaka karakana.

Mwisho, jambo lililo kubwa kuliko yote. Andika. Andika tarehe, maili, kipimo cha oili na jina lako, mpe msimamizi nakala moja, nyingine ukae nayo. Kabla ya kumwaga oili yenye shaka, ipime kwa debe mbele ya shahidi, ujaze chupa moja na kuifunga. Kitu kilichopasuka usikitupe. Chupa ile na karatasi ile ndizo zingalimwokoa mwenzetu.

Twaomba tawi lidai kila karakana ipewe kitabu cha nakala mbili na chombo cha kupimia. Gharama yake ni ndogo kuliko beringi moja, na ndogo sana kuliko mshahara wa mtu asiye na kosa.