Nani Amelifungua Faili Langu?



Kwa wengi wetu huku Bungoma, faili la kwanza la hospitali lilikuwa daftari la shule. Ukifika zahanati mikono mitupu unaelekezwa dukani ukanunue moja, ndipo uandikiwe presha, vipimo na dawa. Ukimaliza unaondoka nalo, likakae kabatini pamoja na kitambulisho na risiti za mbolea. Wataalamu wa kompyuta hulicheka. Mimi silicheki: anayetaka kulisoma hana budi kumwomba mgonjwa mwenyewe. Ubaya wake huonekana usiku. Mama anapatwa na kifafa cha mimba, anakimbizwa hospitali ya Webuye au Bungoma, na kijitabu chake cha kliniki kimesahaulika nyumbani. Daktari wa zamu anauliza presha ilikuwaje mwezi uliopita, alipewa dawa gani, mimba hii ni ya ngapi. Aliyemsindikiza ni shemeji. Hajui.

Kwa hiyo nikisikia siri ya mgonjwa ikizungumzwa kana kwamba maana yake ni kufunga kabati basi, nakataa. Taarifa za mama yule zilipaswa kufika Webuye kabla yake. Ninalodai ni kwamba kila azifunguaye awe na sababu ya tiba, na ijulikane kwamba amezifungua.

Wizara ya Afya yenyewe hupata inachohitaji bila kumtaja mtu. Rejista ya wagonjwa ina jina na kijiji, lakini mwisho wa mwezi kinachotumwa katika mfumo wa taifa, ambao tangu 2011 unatumia programu ya DHIS2, ni hesabu. Nairobi inajua ni akina mama wangapi wamejifungulia Kimilili. Kujua ni akina nani hakuipunguzii wala kuiongezea kitu.

Februari 2015 mpaka huo wa kutomtaja mtu ulirukwa. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, pamoja na walezi wao na akina mama waja wazito na wanaonyonyesha. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: dawa na huduma ziwafikie. Lakini orodha ilitaka majina, na waliotumwa kuikusanya walikuwa watu wa utawala, si wauguzi peke yao. Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya, na wenzake wakaenda mahakamani. Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo lile lilikiuka faragha inayolindwa na kifungu cha 31 cha Katiba na maslahi ya mtoto katika kifungu cha 53, ikaamuru majina yahifadhiwe kwa namna isiyoyaunganisha na hali ya mwenye jina. Fikirieni orodha ile ikiwa mezani mwa chifu wa lokesheni yenu, naye anawajua wazazi wote kwa ukoo.

Sheria zilifuata. Ile ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka hospitali iliyovujisha taarifa kwa namna inayoweza kumdhuru mwenye taarifa hizo imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na ile ya Afya ya Kidijitali ya 2023 inakusudia kuunganisha mifumo ya nchi nzima. Sawa. Lakini Kimilili si mji wa kungoja wadukuzi. Karani wa rekodi ni binamu yako, mfamasia mnaimba kwaya moja, na dirishani unaulizwa kwa sauti umekuja kliniki gani huku foleni nzima imetega sikio. Pazia na kibanda cha mbao vingefanya kazi ambayo hakuna programu itakayoifanya.

Kompyuta ina faida nyingine, na watu wa magharibi mwa Kenya hatukuipokea jana. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwa kompyuta, kazi ya Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Uzoefu huo ulichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu inayotumika leo katika nchi nyingi. Faida yenyewe ni hii: faili la karatasi halimkumbuki aliyelisoma. Mfumo ulioundwa vizuri unaandika akaunti iliyolifungua faili, siku na saa. Basi zamu nzima ikitumia neno la siri moja, lililobandikwa kando ya skrini, faida hiyo imetupwa, na muuguzi asiye na hatia hana pa kujitetea.

Sheria ya 2019 inampa mgonjwa haki ya kuziona taarifa zake. Mimi ningetaka anapozipokea apewe pia orodha ya waliozifungua, hata akiwemo daktari mkuu, hata akiwemo binamu.