Malipo ya Kadi na Hatari ya Kutenguliwa: Mazungumzo kwa Wauzaji wa Ngara na Biharamulo

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wafanyabiashara na watumishi wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wote.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu watumishi, ndugu wananchi,

Nimepewa jukumu la kuzungumza nanyi juu ya jambo moja: muuzaji anayeuza kwa njia ya intaneti apokee malipo ya kadi za benki, au aendelee na simu peke yake? Wapo miongoni mwetu wanaouza asali, wapo wanaouza vikapu na mikeka, na wapo wenye nyumba za wageni wanaowatazamia watalii tangu Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato ilipoanzishwa mwaka 2019. Mteja aliye London au Dubai hawezi kufika na noti mkononi, na aghalabu hana laini ya simu ya Tanzania. Alicho nacho ni kadi.

Ndugu wananchi, tuanze na tunachokifahamu. Malipo kwa simu yalienea nchini kuanzia mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza. Muuzaji wa Kabanga au Nyakanazi akipokea fedha kwa simu, akathibitisha salio lake, kisha akaitoa kwa wakala, mnunuzi hana njia nyepesi ya kuirudisha. Kampuni ya simu huweza kurudisha muamala uliotumwa kwa makosa, lakini hasa pale fedha inapokuwa bado imo katika akaunti. Hatari kubwa ya simu iko kwingine: ujumbe wa kughushi unaodai kuwa fedha imetumwa. Dawa yake ni kutazama salio, wala si kusoma ujumbe tu, kabla mzigo haujapakiwa.

Kadi ina desturi tofauti. Mnunuzi akilipa kwa kadi, fedha hupita kwa benki iliyompa kadi, kisha kwa mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, kisha kwa benki au kampuni inayomhudumia muuzaji. Mnunuzi akilalamika kwa benki yake, malipo yale huweza kutenguliwa: fedha huondolewa katika akaunti ya muuzaji na kurudishwa kwa mnunuzi. Kwa malalamiko mengi muda wa kufanya hivyo hufika siku 120, na kwa huduma iliyolipiwa mapema hesabu huweza kuanza siku ambayo huduma ilitakiwa kutolewa. Kwa hiyo, fedha ya kadi iliyokwisha kuonekana katika akaunti bado haijawa yako moja kwa moja.

Malalamiko yenyewe ni ya namna tatu. Kwanza, mwenye kadi anasema kadi yake iliibiwa na hakununua kitu. Pili, anasema bidhaa haikumfikia. Tatu, anasema iliyomfikia siyo aliyoonyeshwa. Aidha, wapo wachache wanaopokea mzigo salama, wakautumia, kisha wakadai kuwa haukufika.

Tufanye hesabu. Tuseme kikundi kimeuza asali ya Sh. 200,000. Asali, chupa na usafirishaji vimegharimu Sh. 180,000, na faida ni Sh. 20,000. Malipo yakitenguliwa, asali imekwenda na fedha imerudi kwa mnunuzi. Kikundi kimepoteza Sh. 180,000, na kitahitaji mauzo 9 mengine yasiyo na dosari ili kurudi pale kilipokuwa. Juu ya hayo, kampuni ya malipo hutoza ada kwa kila shauri, na malalamiko yakizidi huweza kumfungia muuzaji huduma. Iwapo mtaji ulitokana na mkopo wa halmashauri kwa wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba, lakini lazima urejeshwe, na marejesho hayangoji shauri liishe.

Hata hivyo, si haki kuihesabu desturi hii kuwa ni uonevu. Marekani ilipitisha sheria ya mwaka 1974 inayompa mwenye kadi haki ya kupinga deni asilolikubali, na Uingereza katika mwaka huo huo ilitunga sheria ya mikopo inayomlinda mnunuzi. Mnunuzi wa mbali haoni chupa, haonji asali, wala hamjui muuzaji. Haki ya kurudishiwa fedha ndiyo inayompa ujasiri wa kumlipa mtu wa Biharamulo ambaye hajapata kumwona. Tukiikataa kadi kabisa, tunaikataa hatari, na pia tunamkataa mteja huyo.

Kwa maoni yangu, basi, uamuzi uandamane na aina ya biashara. Anayeuza maharage au ndizi kwa wateja wa Mwanza, Kahama na Bukoba hana sababu ya kuingia gharama za kadi, simu inamtosha. Mwenye nyumba ya wageni anayetegemea watalii anaihitaji kadi, kwa kuwa wageni wengi huweka nafasi kabla ya kusafiri. Anayepeleka asali au vikapu nje ya nchi aanze na maagizo madogo ambayo, yakipotea, hayatavunja mtaji.

Anayekubali kadi anashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, atumie huduma inayomtaka mnunuzi athibitishe kwa namba ya siri inayotumwa na benki yake. Kwa uthibitisho huo, hasara ya kadi iliyoibiwa kwa kawaida hubebwa na benki iliyotoa kadi. Hata hivyo, hautamkinga muuzaji na dai kuwa mzigo haukufika.

Pili, aeleze bidhaa kwa ukweli: uzito, rangi, siku za safari, na masharti ya kughairi. Picha iwe ya bidhaa hiyo hiyo.

Tatu, mzigo upelekwe kwa njia yenye namba ya kufuatilia na saini ya mpokeaji, kama EMS ya Shirika la Posta. Stakabadhi itunzwe kwa muda usiopungua miezi sita.

Nne, agizo kubwa lisilo la kawaida, la haraka, kutoka kwa mtu asiyeuliza bei, litiliwe shaka. Asirudishe "fedha iliyozidi" kwa njia nyingine. Kama ni kurudisha, irudi katika kadi ile ile iliyolipa.

Tano, asitumie fedha yote ya kadi siku inapoingia. Sehemu yake iwekwe akiba mpaka siku za malalamiko zipite.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Shauri la kadi huamuliwa kwa karatasi, na muuzaji hupewa siku chache tu za kujibu. Asiye na stakabadhi hushindwa hata akiwa mkweli. Hali kadhalika, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi. Basi ujumbe wa makubaliano usifutwe.

Maafisa Maendeleo ya Jamii na Maafisa Biashara wanaombwa kuvikagulia vikundi daftari za maagizo kabla havijaanza kuuza kwa kadi, wala si baada ya hasara. Wananchi nao wanakumbushwa kuwa ujumbe wa kitapeli wa simu hupelekwa namba 15040.

Ndugu Mwenyekiti, kwa kila malipo muuzaji ajiulize: nani anaweza kuichukua tena fedha hii, mpaka lini, na mimi nina ushahidi gani? Mwenye majibu ya maswali hayo na apokee kadi. Asiye nayo angoje kwanza.