Elimu ya Wazee na Wajibu Wetu Watumishi

(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja, mwanachama, katika mkutano wa jioni wa Chama, Kilwa)



Nimetakiwa niseme juu ya elimu, na wengi hudhani kuwa elimu ni jambo la watoto. Jioni hii nataka kuwaombea wazee, nami nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja nisiyoitaja, alinijia mzee wa umri wa babu yangu, akitaka kuandikiwa hati ya mpaka wa shamba lake. Nikamwuliza, "Mzee, wajua kusoma?" Akanijibu kwa upole, "Herufi zenu, mwanangu, sizijui." Neno lile "zenu" lilinipita. Niliandika upesi upesi, nikamsogezea wino, akatia kidole gumba, akaenda zake. Kumbe mahali alipotaja mwembe, mimi niliandika mnazi! Kosa hilo likamtia katika ugomvi na jirani yake kwa muda wa miezi. Nilipokwenda kumtaka radhi, nilimkuta barazani na daftari kuukuu mkononi. Madeni, mafungu ya mabaharia wake, siku walizozaliwa wajukuu, yote ameyaandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko wake wapita wangu. Mtu huyo ndiye niliyemwandika kuwa hajui kusoma wala kuandika.

Mabwana, kidole gumba hakisomi. Mwenye kutia dole amemwamini karani, na karani naye ni mwanadamu.

Pwani yetu hii si nchi ya watu wasiojua kalamu. Huko Goa, katika India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 18, na baadhi yake zilitoka Kilwa. Walakini walipokuja Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza baada yao, kazi za serikali zilishika herufi za Kirumi, na mtu aliyekuwa msomi jana akahesabiwa mjinga leo. Basi anayefungua darasa la wazee asidhani kwamba anamwaga maji katika mtungi mtupu. Na aulize kwanza mna nini ndani.

Najua wako watakaosema, "Samaki mkunje angali mbichi." Methali hiyo ni ya kweli kwa tabia za watoto, lakini taifa letu limekwisha kuonyesha kuwa haizuii kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika sensa ya 1967 karibu watu wazima 2 katika kila 3 hawakujua kusoma. Wilaya 6 zikachaguliwa zitangulie kufuta ujinga huo, na mojawapo ilikuwa Masasi, jirani zetu. Mwaka 1973 yakafuata masomo ya redio yaitwayo Mtu ni Afya, ambayo watu wapatao 2,000,000 waliyasikiliza kwa vikundi huku kitabu kiko mkononi, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hata ilipofika 1986, majaribio ya taifa yalionyesha kuwa wasiojua kusoma wamebaki karibu 10 tu katika kila 100.

Mbona basi hata leo twasogezewa vidole gumba? Kwa sababu shida za miaka ya 1980 zilipozidi, vitabu viliadimika na madarasa mengi yakafifia. Aliyejua kusoma akakosa cha kusoma, na kisu kisichotumika hushika kutu. Hilo ndilo funzo kubwa kwetu. Kumfundisha mzee herufi ni nusu ya kazi, na nusu ya pili ni kumpa jambo la kusoma kila siku.

Na mambo hayo hayakosekani. Mkulima wa ufuta au korosho hupewa karatasi yenye kilo zake na makato yake. Mgonjwa hupewa dawa yenye maandishi ya kutwa mara ngapi. Fedha siku hizi hupita katika simu, na bibi asiyejua tarakimu humpa kijana namba yake ya siri, na akiisha kumpa, hana siri tena. Masomo na yaanzie hapo: kwanza jina lake mwenyewe, kisha tarakimu, kisha karatasi ya mizani. Mambo ya "huyu ni paka, yule ni mbwa" tuwaachie wajukuu.

Tena yafaa tuchunge adabu. Mwalimu kijana aingie kwa shikamoo, wala asimwite mzee kwa jina tupu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Tusimkalishe juu ya dawati la mtoto, magoti yakamgusa kidevu. Herufi ziandikwe kubwa, kwa maana mara nyingi tunayemdhania mzito wa akili haoni ubao, naye ataka miwani tu. Akina mama wakipenda kuwa na darasa lao na mwalimu mwanamke, wapewe.

Na saa za masomo tuzipange kwa kufuata kazi zao. Siku za bamvua, maji yakitoka sana, wanawake huwa miambani wakitafuta pweza, basi na tukutane siku za maji mafu, baada ya alasiri. Wakati wa mavuno tupumzike, tusije tukalaumu viti vitupu.

Bwana Mwenyekiti, natoa shauri moja. Tumo humu makarani, walimu na waganga. Kila mmoja atoe jioni mbili kwa mwezi, na Chama kinunue chaki, ubao na daftari. Tuanze na wazee 10 tu. Haba na haba hujaza kibaba. Na tangu kesho, kila karani kabla ya kusogeza wino amsomee mzee hati yote kwa sauti, neno kwa neno, tena mara mbili. Hilo halihitaji fedha.

Yule mzee wangu alinisamehe. Jioni mbili tatu nilikwenda kwake kumwonyesha herufi za Kirumi, naye hakukawia, kwa kuwa kuandika si kazi mpya kwake. Kisha akaniambia, "Sasa ni zamu yako, mwanangu," akanifungulia daftari lake. Mpaka leo nimefika herufi ya saba, naye hunicheka.

Elimu haina mwisho.