Kumfuata Yesu kwa Karibu Wakati wa Majaribu
(Mada kwa semina ya vijana wa kanisa)



Utangulizi

Kujaribiwa si dhambi. Bwana wetu mwenyewe alijaribiwa jangwani siku 40, wala hakutenda dhambi. Kwa hiyo kijana anayepigana vita rohoni asidhani ameachwa na Mungu. La kujiuliza ni hili: vita vikipamba moto, mimi niko umbali gani na Yesu?

1. Umbali wa Petro

Luka anatuambia kwamba Yesu alipokamatwa, Petro alimfuata kwa mbali (Luka 22:54). Lakini umbali huo haukuanzia njiani. Mezani, Petro alijiamini kuwa yuko tayari kufungwa, hata kufa, pamoja na Bwana wake. Gethsemane aliambiwa aombe, akalala. Uani kwa kuhani mkuu, akaketi kuota moto pamoja na watu wa upande wa waliomkamata Yesu. Aliyemtikisa kwanza hakuwa askari mwenye upanga, alikuwa kijakazi aliyemtazama usoni penye mwanga wa moto, na Petro akamkana Bwana wake.

Nasi huanguka hivyo hivyo. Saa sita usiku kijana yuko ndani ya chandarua, taa imezimwa, simu inammulika uso. Anaona ameshindwa dakika ile alipobonyeza. Ukweli ni kwamba wiki tatu hajafungua Biblia, ibada anafika inapokaribia kwisha, na rafiki yake wa maombi hampigii tena. Kidole kilimalizia tu safari ambayo moyo uliianza zamani.

2. Namna ya kukaa karibu

*Kuomba kabla ya saa ya jaribu.* Yesu aliwaambia wanafunzi waombe wakati bustani ingali tulivu. Anayesubiri mpaka moto uwake ndipo atafute maji, amechelewa.

*Kuondoka penye moto usio wako.* Mke wa Potifa alipomshika vazi, Yusufu hakubaki kubishana naye. Aliacha vazi akakimbia. Kama ni simu, ilale sebuleni. Kama ni kubeti, futa programu hiyo leo. Kama ni kikundi, aga uondoke.

*Kutembea nuruni.* Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioshika moto Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulituachia urithi huu. Wazee wetu walikutana katika ushirika mdogo, wakaitaja dhambi kwa jina lake bila kuipaka rangi, wakaombeana. Jaribu hupata nguvu likifichwa. Mimi binafsi, usiku mmoja nikiwa nimezidiwa, nilimpigia ndugu yangu wa maombi. Hakunihubiria. Alisema, “Nipo ndugu yangu, tuombe.” Tuliomba dakika chache tu, nami nikavuka usiku ule.

3. Ukianguka

Kabla Petro hajakana, Yesu alikuwa amekwisha kumwombea imani yake isitindike. Jogoo alipowika, Bwana aligeuka akamtazama, na Petro akatoka nje akalia kwa uchungu. Baada ya kufufuka, Yesu aliwasha moto wa makaa ufukweni, akaandaa samaki na mkate, akamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Aliyekana mara tatu penye moto wa makaa, penye moto wa makaa alirudishiwa kazi ya kulisha kondoo. Kwa hiyo aibu isikufukuze. Mlilie Bwana na urudi, maana kukaa mbali kwa sababu ya aibu ni kuanguka mara ya pili.

Hitimisho

Hatumshindi adui kwa ubavu wetu. Ukaribu wetu na Yesu ndio kinga yetu. Tukitoka hapa, kila mmoja achague ndugu mmoja, kaka kwa kaka na dada kwa dada, na kabla jua halijazama amweleze jaribu lake kwa jina. Kisha waombe pamoja.